Maarifa Nayo ni Mali ya Ofisi

Watumishi wengi wa umma Tanzania hustaafu kwa lazima wakifikisha miaka 60. Tarehe hiyo hujulikana tangu siku ya kuajiriwa, lakini ikifika taasisi hushtuka kana kwamba imepata msiba wa ghafla. Hupigwa picha, hutolewa zawadi, na fomu ya makabidhiano hujazwa: meza, kompyuta, funguo, gari. Haimo katika fomu ile namna fundi wa maji anayestaafu alivyotambua kwa mlio tu kwamba pampu inakaribia kufa, wala sababu ya bomba kupitishwa nyuma ya shule badala ya kufuata barabara. Mwezi unaofuata anatafutwa kwa simu. Wakimkuta hai, wana bahati.

Huu ni uzembe, na wanaouendekeza ndio hao hao wanaohubiri ubunifu kwenye semina.

Wakumbuke M-Pesa ilivyopatikana. Jaribio lililoanza Kenya mwaka 2005 lilikusudiwa kuwarahisishia wakopaji wadogo kurejesha mikopo. Wateja wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Wasimamizi wa jaribio hawakuwakemea kwa kutumia huduma kinyume cha mpango. Waliona, wakapeleka taarifa juu, na mpango wenyewe ukabadilishwa. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, kazi yake kuu ilikuwa kutuma fedha.

Katika ofisi zetu taarifa ya aina hiyo ingepitia wapi? Karani wa dirishani anajua fomu ipi inawarudisha watu nyumbani kila siku. Haulizwi. Sanduku la maoni lina kufuli, na ufunguo hakuna anayekumbuka ulipo. Kisha huajiriwa mshauri mwelekezi, akamhoji karani yule yule, na ripoti ikafungiwa kabatini. Kununua programu mpya hakutatibu hali hii: kompyuta haiwezi kutunza jambo ambalo anayelijua anaogopa kulisema, au analificha kwa kuwa ndilo linalomfanya ahitajike.

Mkuu wa taasisi apimwe kwa maarifa anayorithisha kama anavyopimwa kwa hesabu za fedha. Mrithi ateuliwe mapema, afuatane na anayestaafu kwa mwaka mzima, mitaroni na masjalani, na makosa ya zamani yaandikwe bila kutafutwa wa kuadhibiwa. Mafao ya mstaafu yasicheleweshwe hata siku moja kwa ajili hiyo, kwani si yeye aliyeshindwa kupanga. Mkuu anayempigia simu mstaafu kumuuliza koki kuu imefukiwa wapi hafai kuendelea kukalia kiti hicho.