Jangili Alianzia Uingereza

Katika mahakama za mkoa wa Mara, shitaka la kukutwa na nyara za serikali limezoeleka kama la wizi wa kuku. Nyara yenyewe mara nyingi si pembe ya ndovu, ni vipande vya nyama ya nyumbu au pundamilia vilivyokutwa kwenye mfuko. Lakini kwa kuwa kosa hilo huhesabiwa kuwa uhujumu uchumi, anayetiwa hatiani huweza kufungwa miaka 20. Kuanzia Nkende hadi Robanda, watu wamezoea kusikia kwamba ujangili ni tabia ya watu wa huku, kwamba ni ukaidi wa kabila. Mimi naona kosa hili lina kwao, na kwao si Serengeti. Lilikuja na watawala, na lilikuwa limekwisha kuwatesa maskini wa nchi yao wenyewe.

Katika Uingereza ya mwanzoni mwa karne ya 19, sungura na kware walikuwa wa mwenye shamba kubwa, hata kama jirani yake analala njaa. Sheria ya mwaka 1828 ilimwadhibu aliyewinda usiku kwa kifungo cha hadi miezi 3 na kazi ngumu. Akirudia mara ya tatu, aliweza kupelekwa ng'ambo miaka 7. Waliokwenda kwa kundi wakiwa na silaha waliweza kupewa hadi 14. Ng'ambo ilimaanisha Australia, ambako kati ya 1788 na 1868 walisafirishwa wafungwa zaidi ya 160,000 wa makosa ya kila aina. Huko kulikuwa na wenyeji, Waaborijini, lakini dola ilichukulia kwamba nchi haina mwenyewe. Kondoo wa walowezi wakaingia katika mawindo ya watu hao, na Mwaborijini aliyeua kondoo akaitwa mwizi. Kisiwa cha Rottnest, ambacho wenyeji wanakiita Wadjemup, kiligeuzwa gereza lao kuanzia mwaka 1838, na katika miongo iliyofuata walifungwa humo zaidi ya 3,000, wengi kwa sababu ya mifugo ya walowezi. Hapa ndipo pananiuma: mtu aliyefukuzwa kwao kwa ajili ya kitoweo alitumika kumpora mwingine mahali anapopatia kitoweo chake. Kati ya mfungwa na mwenyeji, hakuna hata mmoja aliyeandika sheria ile.

Fikra hiyohiyo, kwamba mnyama ni wa dola na anayemla bila karatasi ni mhalifu, ilitua kwetu kwa mikono miwili. Wajerumani walianza na kanuni za uwindaji za gavana wao, Wissmann, za mwaka 1896. Waingereza wakaendeleza na sheria yao ya wanyama ya mwaka 1921. Leseni ilimfaa mgeni mwenye bunduki na fedha. Mwikoma, Mnata au Mwishenyi mwenye upinde na shimo la mtego hakuandikiwa nafasi inayolingana na maisha yake. Serengeti ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 Wamasai wakahamishiwa Ngorongoro. Kuhama kwao dunia inakujua. Wakulima na wawindaji wa magharibi hawatajwi sana, kana kwamba pori lile halikuwahi kuwa na majina ya ukoo, makaburi na mahame. Kuna sababu ya usahaulifu huo. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe na wanyama wa porini, na njaa na maradhi vikatawanya watu. Wazungu waliofika baadaye wakaona mbuga tupu, wakadhani ndivyo ilivyoumbwa. Tena hesabu ya wanyama inaonyesha kwamba mbuga hubadilika: mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu walikuwa kama 250,000, na kufikia mwisho wa miaka ya 1970 walishavuka milioni. Kilichowaongeza zaidi ni kutoweka kwa sotoka, na sotoka iliondoka kwa kuchanja ng'ombe wa wafugaji wa kandokando.

Wapo watakaosema mkoloni ameondoka zamani, tuache kumsingizia. Ni kweli kwamba pembetatu ya Lamai, kaskazini mwa Mto Mara, iliongezwa hifadhini katika miaka ya 1960, wakati tunajitawala, na Wakurya waliokuwa humo wakaondolewa. Mgogoro wa bikoni, yaani alama za mpaka wa hifadhi, katika vijiji kama Gibaso, Karakatonga na Kegonga nao ni wa zama zetu. Ila hilo halinipingi. Tulirithi sheria pamoja na jicho lake, kisha tukaongeza makali. Wengine watasema sheria ni msumeno, na bila ukali vifaru wangekwisha. Vifaru walikaribia kwisha kweli, miaka ya 1970 na 1980, lakini waliowamaliza ni wafanyabiashara wa pembe, si mtu wa kitoweo, na kuwafunga wawili hao chini ya jina moja ni uvivu wa fikra. Pingamizi zito zaidi ni kwamba nyaya za mitego siku hizi hukamata nyama ya kuuzwa mijini, na idadi ya watu imeongezeka. Nalikubali. Siombi mtego uhalalishwe wala bikoni zing'olewe. Naomba anayeuza kwa magunia atenganishwe na anayepika sufuria moja, na huyu wa pili asipewe adhabu ambayo hata kabaila wa 1828 hakuithubutu kwa mwindaji mmoja.

Nusu ya njia tumeshaitembea wilayani Serengeti, ambako vijiji vitano, Robanda kikiwamo, viliunda jumuiya ya uhifadhi ya Ikona ili mapato ya utalii yarudi kwao. Kilichobaki kiko mahakamani. Mfano upo kulekule Australia: mwaka 1999, Mahakama Kuu ya nchi ilimsikiliza Murrandoo Yanner, Mwaborijini aliyeua mamba wawili wadogo kwa chusa ya asili, akala nyama na ndugu zake bila kibali. Serikali ya jimbo la Queensland ilidai mamba ni mali yake. Majaji wengi walisema neno "mali" katika sheria ya jimbo hilo lilimaanisha mamlaka ya kusimamia, na usimamizi haukuwa umefuta haki ya wenyeji kuwinda kwa ajili ya chakula. Yanner akashinda.