Kabla ya kukamata nyoka wa kuuza, piga hesabu

KIJANA mmoja wa Susuni, wilayani Tarime, alinisimamisha mwaka jana baada ya mkutano wa wakulima wa mahindi. Hakuwa na swali la mbolea wala la mbegu. Alisubiri wenzake waondoke, kisha akaniambia kwamba kuna mtu amepita kijijini akisema ana mnunuzi wa nyoka, vinyonga na kobe walio hai, na kwamba Wazungu wanawanunua kwa fedha nyingi.

"Mtaalamu, ni kweli nyoka ana bei?" aliniuliza.

Nilimjibu kwamba ni kweli, nyoka ana bei. Lakini nilimwambia pia kwamba swali lake lilikuwa nusu. Nusu ya pili ni hii: bei hiyo inapangwa wapi, na inabaki kwa nani? Kwa kuwa naamini hakuwa kijana pekee aliyefuatwa na madalali wa aina hiyo, nimeona nilijibu swali lake kupitia ukurasa huu.

Soko la nyoka nimeliona kwa macho yangu. Nilipokuwa masomoni Ujerumani, mwenzangu wa darasani aliyekuwa akifuga nyoka chumbani kwake alinichukua hadi mji wa Hamm. Hapo hufanyika maonyesho ya wanyama watambaao yaitwayo Terraristika, yaliyoanza miaka ya 1990 na ambayo hufanyika mara kadhaa kwa mwaka. Wanunuzi hutoka Ulaya nzima na hata nje ya bara hilo.

Ndugu msomaji, usifikirie mnada wa ng'ombe. Ni kumbi kubwa zenye meza zilizopangwa safu kwa safu, na juu ya meza kuna vikopo vya plastiki vyenye matundu madogo. Ndani ya kila kikopo kuna nyoka mmoja. Juu ya kifuniko imeandikwa aina yake, jinsia, mwaka aliozaliwa na bei. Watu wanapita na watoto wao, wanainama, wanachungulia, wanauliza kama nyoka anakula vizuri, wanalipa na kuondoka na kikopo ndani ya mfuko, kama mtu aliyenunua vifaranga.

Nilichojifunza siku ile kilinishangaza. Nyoka waliokuwa wengi kuliko wote walikuwa wa aina mbili. Wa kwanza ni nyoka wa Marekani ambaye jina lake la Kiingereza lina neno mahindi, kwa sababu, kama inavyosemwa, wakulima wa huko walizoea kumkuta kwenye maghala yao akiwinda panya. Wa pili ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi, anayejikunja kama mpira anapoogopa.

Chatu huyo ni Mwafrika mwenzetu. Kwa miaka mingi wanakijiji wa Ghana, Togo na Benin wamekuwa wakimtafuta kwenye mashimo, mengi yakiwa mashambani mwao, na kuwauzia wenye vituo vya kutotolesha mayai na kusafirisha nje. Lakini mwaka 1992 mfugaji Mmarekani, Bob Clark, alifanikiwa kuzalisha chatu hao wakiwa na rangi nyeupe na njano. Watoto wa nyoka hao waliuzwa kwa maelfu ya dola. Tangu wakati huo wafugaji wamechanganya uzao mpaka wakapata maelfu ya mchanganyiko wa rangi na madoa. Pale Hamm niliona chatu wa rangi ya kawaida akiuzwa kwa bei ya viatu vya kawaida, na pembeni yake ndugu yake mwenye rangi adimu akiuzwa kwa bei ya pikipiki.

Je, fedha hiyo ya pikipiki ilikwenda kwa nani? Haikwenda kwa mwanakijiji wa Togo aliyeingiza mkono shimoni. Ilikwenda kwa mfugaji mwenye kumbukumbu za uzao wa nyoka wake, vizazi vingi nyuma, mwenye umeme, maji safi na daktari wa mifugo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara hii daftari ndilo mali yenyewe.

Hapa ndipo somo la uchumi lilipo. Mnyama aliyekamatwa porini ndiye wa bei ya chini sokoni, kwa sababu mara nyingi ana minyoo, amejeruhiwa na hataki kula. Mnunuzi mwenye uzoefu humkwepa. Anayebaki na thamani akiwa wa porini ni yule adimu sana, ambaye hajazoeleka kufugwa, na huyo ndiye sheria inamlinda zaidi. Kwa hiyo mkamataji wa kijijini amebanwa pande zote mbili. Nyoka wa kawaida hana bei, na mwenye bei ana kesi.

Tanzania tumeyaona haya. Katika msitu wa Kimboza, mkoani Morogoro, kuna mjusi mdogo ambaye dume lake ni la bluu inayong'aa. Wafugaji wa Ulaya walimpenda sana. Mjusi huyu huishi kwenye miti ya jamii ya mkadi, na baadhi ya wakamataji waliona njia rahisi ya kumpata ni kuukata mti. Watafiti walikadiria kwamba kundi moja tu la wakamataji lilichukua mijusi zaidi ya 30,000 kati ya mwishoni mwa 2004 na katikati ya 2009. Tangu 2017 mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, umepiga marufuku biashara ya kimataifa ya mjusi huyo akitoka porini. Watu wa Ulaya sasa wanamzalisha majumbani mwao. Msitu ulipoteza mijusi na miti, na mzao umebaki ughaibuni.

Aidha, mwaka 2011 watafiti walitangaza aina mpya ya nyoka mwenye sumu kutoka misitu ya kusini mwa nchi yetu, mwenye vipembe juu ya macho. Walikataa kutaja msitu wenyewe. Sababu waliyoitoa ni kwamba wangeutaja, wakamataji wangefika kabla ya wahifadhi.

Upo pia upande wa sera, ambao mfanyabiashara hapaswi kuusahau. Mei 2016 aliyekuwa Waziri wa Maliasili na Utalii, Profesa Jumanne Maghembe, alitangaza kusimamisha kwa miaka mitatu usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi. Wafanyabiashara waliokuwa na vibali halali walibaki na wanyama mabandani, wakiwalisha bila kuuza. Juni 2022 ilitangazwa kwamba wangepewa miezi 6 ya kusafirisha waliobaki. Wananchi walipiga kelele, na baada ya siku chache tangazo hilo likasitishwa. Kama wenye kampuni na mawakili walikwama hivyo, je, kijana wa Susuni mwenye ndoo na kijiti atasimama wapi?

Majirani zetu nao hawana mchezo. Mei 2025 mahakama jijini Nairobi iliwatoza watu wanne, wakiwamo vijana wawili wa Ubelgiji, faini ya shilingi milioni 1 ya Kenya kila mmoja au kifungo cha miezi 12, baada ya kukutwa na malkia wa sisimizi waliokusudiwa kwa wafugaji wa nje. Hao walikuwa ni sisimizi tu. Sisi wa Tarime tuliozoea kuvusha vitu Sirari tuwe waangalifu zaidi, maana mzigo wa namna hii si gunia la mahindi.

Sasa tupige hesabu ya kijana wetu. Tuseme dalali anampa shilingi 5,000 kwa nyoka mmoja, na kwa mwezi anapata nyoka 20. Hiyo ni shilingi 100,000. Kwa mkulima anayesubiri mavuno si fedha ya kudharau, na simlaumu aliyevutiwa. Lakini upande wa pili wa daftari kuna kifutu na swila, ambao hawajui kwamba wewe umetumwa. Kuumwa mara moja ni siku nyingi za kitanda, ni dawa ya sumu ambayo haipatikani kila zahanati, na pengine ni kidole au mguu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani, na wengi wao ni wakulima na wafugaji kama sisi. Ongeza hapo kwamba kukamata mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Dalali hataumwa, na siku ya mahakamani hatakuwapo.

Kuna hasara nyingine ambayo hatuiandiki. Watafiti wamekadiria kwamba panya hula kati ya asilimia 5 na 15 ya mavuno ya mahindi nchini kwa mwaka. Nyoka wa nyumba wa kahawia, asiye na sumu ya kumdhuru binadamu, hula panya hao usiku na hadai mshahara. Sisemi umfuge nyoka kihengeni, wala sisemi nyoka peke yake atamaliza panya. Vihenge vya bati, kufyeka kuzunguka nyumba na mitego bado vinahitajika. Nasema kwamba ukimuuza kwa 5,000 au ukimuua kwa hofu, umempunguzia panya adui mmoja.

Je, hakuna biashara halali ya nyoka? Ipo. Pale Meserani, nje ya Arusha, bustani ya nyoka iliyoanzishwa mwaka 1993 huingiza watalii wanaopita kwenda Ngorongoro na Serengeti. Kule Watamu, pwani ya Kenya, kituo cha Bio-Ken kimefuga nyoka tangu 1980, kikifundisha watu na kushughulikia sumu inayohitajika kutengeneza dawa. Wote hawa huuza elimu, huduma na kiingilio, na nyoka hubaki kuwa wao. Lakini biashara hiyo inataka kibali, mtaji, mafunzo na dawa ya sumu karibu. Si kazi ya kuanza kwa ndoo.

Ushauri wangu kwa Serikali ni mmoja. Elimu ya vibali na ya mashamba ya wanyamapori ifike vijijini kabla ya dalali. Mkulima akijua mlango halali uko wapi na unagharimu kiasi gani, hatashawishika kirahisi na mlango wa nyuma.

Kwa wakulima wenzangu nasema hivi: tumelalamika miaka mingi kuhusu lumbesa na kuhusu kahawa yetu kuuzwa mbichi kwa bei ya mtu mwingine. Nyoka wa dalali ni lumbesa ile ile, tofauti ni kwamba safari hii gunia lina meno. Yule kijana nilimwomba anipe jibu moja tu kabla hajakubali: huyo mnunuzi anaitwa nani, na kibali chake kina namba gani? Alikwenda kuuliza. Wiki iliyofuata alinipigia simu kusema kwamba mtu yule hapatikani tena.