Video ya Kakuma isafiri mara moja tu

Tuseme wewe ni kijana wa Kakuma, una kamera na stori. Hutaki YouTube ikushikie kazi yako na kuifuta ikijisikia. Unasikia kuna PeerTube, programu ya bure ya shirika la Framasoft la Ufaransa, inayomruhusu yeyote kuendesha seva yake ya video. Unaweka yako Lodwar.

Sasa piga hesabu. Video ya ubora wa kawaida inakula kama megabiti 1 kwa sekunde. Laini yako ikiweza kutuma megabiti 10, watazamaji kumi wako sawa. Wa kumi na moja akiingia, wote wanaanza kutazama kale kaduara kanakozunguka.

PeerTube ina dawa yake: anayetazama anawagawia wenzake vipande alivyopokea. Poa sana ukiwa Paris na waifai isiyoisha. Huku tunaishi kwa bando, na PeerTube ikigundua uko kwenye data ya simu huacha kugawa vipande vyako, kwa hivyo dawa inapungua nguvu. Isitoshe, ujanja huo unataka mtazame pamoja. Kakuma mtu anatazama akipata bando, huyu asubuhi, yule usiku wa manane.

Video ya dakika tano ni karibu megabaiti 38. Watu 200 wakiitazama ni zaidi ya gigabaiti 7, njia ileile kutoka Lodwar, kilomita 120 hivi. Lakini PeerTube inaruhusu seva moja kubeba nakala za nyingine. Weka ya pili ndani ya Kakuma, ivute nakala usiku, watu waifikie kwa waifai ya hapo hapo. Bando la simu halitasaidia, maana data inaweza kuzunguka hadi Nairobi ndipo irudi.

YouTube yenyewe hufanya hivyo: Google huweka nakala ndani ya mitandao ya kampuni za intaneti. Na Kibra, TunapandaNET ni mtandao wa mtaa wenyewe. Tangu 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ina mwongozo wa leseni za mitandao ya aina hiyo, kwa hivyo sheria si kisingizio.

Kinachonisumbua ni kingine. Mwaka 2025 wakimbizi waliandamana Kakuma chakula kilipopunguzwa. Video ya siku kama hiyo ikikaa kwenye seva ndani ya kambi, polisi wakija kubisha, nani atakuwa ameshika ufunguo wa hicho chumba?