Mwanasheria aliyegeuza nguzo za kale kuwa suala la kitaifa Marekani

RAIS Donald Trump alipotia sahihi, Agosti 28, 2025, agizo linalotaka majengo mapya ya serikali kuu ya Marekani yafuate mtindo wa Ugiriki na Roma ya kale, waliofurahi zaidi hawakuwa wanasiasa wa chama chake. Walikuwa wafuasi wa shirika dogo la Washington ambalo Wamarekani wengi hawajawahi kulisikia.

Shirika hilo, National Civic Art Society, lilianzishwa mwaka wa 2002. Si la kibiashara wala si idara ya serikali. Linaishi kwa michango ya wahisani, na lengo lake ni kutetea minara ya kumbukumbu, sanamu na majengo ya umma yenye nguzo, kuba na mapambo ya jiwe kama yale ambayo waasisi wa taifa hilo waliyachagua kuanzia karne ya 18.

Uzito wake haulingani hata kidogo na ukubwa wake. Shirika hili halijajenga jumba lolote la serikali. Hata hivyo, katika muda wa miaka 15 hivi, limeweza kuchelewesha mradi mkubwa wa mnara wa kumbukumbu katikati ya jiji kuu, kumwingiza kiongozi wake katika tume yenye kauli kuhusu sura ya jiji hilo, na kuona hoja zake zikiandikwa katika maagizo ya Rais. Anayetaka kuelewa jinsi hali ilivyofikia hapo sharti amtazame kiongozi wake, Bw Justin Shubow, aliyeshika usukani wa shirika hilo mwaka wa 2011.

Bw Shubow si msanifu majengo. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Yale na akawahi kuwa mhariri katika gazeti la Forward na jarida la Commentary. Mahasimu wake wamemkumbusha jambo hilo mara kwa mara, kwa maana kwamba asiyejua kuchora ramani hana haki ya kuwafunza wachoraji. Lakini hapo ndipo walipompuuza vibaya. Vita alivyovianza havikuwa vya penseli na rula. Vilikuwa vita vya kalamu, ushahidi na kamati za Bunge, na katika uwanja huo mwanasheria aliyewahi kuwa mhariri alikuwa na silaha zote.

Mtihani wa kwanza ulikuwa mnara wa kumbukumbu ya Dwight Eisenhower, jenerali wa Vita vya Pili vya Dunia na Rais wa 34. Bunge la Congress liliunda tume ya kuushughulikia mwaka wa 1999. Mwaka wa 2009, kazi ya kuubuni ilikabidhiwa Frank Gehry, msanifu mashuhuri aliyefariki Desemba 2025 akiwa na umri wa miaka 96. Gehry alipendekeza uwanja wenye nguzo kubwa zisizo na mapambo, na pazia la nyaya za chuma lililofumwa kuonyesha mandhari ya Kansas, jimbo alikokulia Eisenhower. Katika mpango wa awali, aliyepewa nafasi ya mbele alikuwa Eisenhower akiwa mvulana wa mashambani.

Shirika la Bw Shubow liliona hilo kuwa tusi. Liliandaa shindano la michoro mbadala mwaka wa 2011, kisha mwaka uliofuata likachapisha ripoti ndefu iliyochambua mradi huo tangu namna msanifu alivyoteuliwa hadi uimara wa nyaya zenyewe. Kwa bahati yake, jamaa ya Eisenhower nayo haikuridhika. Susan Eisenhower, mjukuu wa Rais huyo, alifika mbele ya kamati ya Bunge Machi 2012 kuupinga mpango huo. Kwa miaka kadhaa Bunge likakataa kutoa fedha za ujenzi.

Hapa pana funzo la uongozi ambalo mara nyingi husahaulika. Shirika dogo halikuweza kuishinda tume ya serikali kwa hoja za urembo peke yake, kwani urembo kila mtu ana wake. Liliishinda, angalau kwa muda, kwa kuuliza maswali ambayo wabunge hawawezi kuyakwepa: ni nani aliyemchagua msanifu, kwa utaratibu gani, gharama ni kiasi gani, na je, chuma hicho kitadumu? Mbunge asiyejua tofauti ya nguzo ya Kidoriki na ya Kikorintho anajua vyema tofauti ya dola milioni 100 na dola milioni 150.

Hata hivyo, mnara ulijengwa. James Baker, aliyekuwa Waziri wa Mashauri ya Kigeni, alisaidia kupatanisha pande husika mwaka wa 2016. Pazia la chuma likabadilishwa lionyeshe pwani ya Normandy, Ufaransa, ambako majeshi yaliyoongozwa na Eisenhower yalitua mwaka wa 1944. Ulizinduliwa Septemba 17, 2020, ukiwa umegharimu takriban dola milioni 150.

Wakati huo Bw Shubow alikuwa amepata mlango mwingine. Mwaka wa 2018, Rais Trump alimteua katika Commission of Fine Arts, tume ya watu saba iliyoundwa na Bunge mwaka wa 1910 ili kushauri kuhusu majengo, sanamu na bustani za umma jijini Washington. Januari 2021 akawa mwenyekiti wake. Mtu aliyekuwa akibisha hodi kutoka nje sasa alikuwa ndani, tena kwenye kiti cha mbele.

Desemba 2020, katika siku za mwisho za muhula wa kwanza wa Trump, agizo la kwanza la kupendelea mtindo wa kale lilitolewa. Halikudumu. Rais Joe Biden alilifuta Februari 24, 2021, baada ya miezi miwili tu. Mwezi Mei mwaka huo Ikulu ya White House iliwataka wajumbe wanne wa tume, akiwemo Bw Shubow, wajiuzulu la sivyo wafutwe. Alipinga, akieleza kwamba tangu tume iundwe hakuna Rais aliyewahi kumwondoa mjumbe kabla ya muda wake wa miaka minne kwisha. Aliondolewa.

Mwosha huoshwa. Oktoba 2025, Rais Trump naye aliwafuta wajumbe wote waliokuwa kwenye tume hiyo hiyo, walioteuliwa na Biden. Yaliyolaumiwa mwaka wa 2021 kuwa ni ukiukaji wa desturi yalirudiwa kwa kiwango kikubwa zaidi. Chombo kilichobuniwa kiwe cha wataalamu wasioyumbishwa na uchaguzi sasa kinabadilika kila Ikulu inapobadilisha mpangaji. Watetezi wa usanifu wa kale wana sababu ya kuhuzunika zaidi ya wengine, kwa kuwa msingi wa hoja yao ni kwamba majengo ya umma yanapaswa kuvuka misimu ya siasa.

Hoja yenyewe si ya kupuuzwa. Oktoba 2020, shirika hili lilitoa matokeo ya kura ya maoni iliyofanywa kwa niaba yake na kampuni ya Harris Poll. Kati ya watu wazima zaidi ya 2,000 waliohojiwa, asilimia 72 walipendelea mtindo wa kijadi kwa mahakama na ofisi za serikali kuu. Wafuasi wa Democratic waliokubali walikuwa asilimia 70, na wa Republican asilimia 73. Ni nadra siku hizi kupata jambo lolote ambalo vyama hivyo viwili vinakaribiana kiasi hicho. Mtu anaweza kuuliza maswali kuhusu kura iliyolipiwa na mwenye haja, na ni haki kuuliza. Lakini yeyote aliyewahi kutazama makao makuu ya FBI jijini Washington, lile jengo la zege tupu la miaka ya 1970, hatashangazwa sana na takwimu hizo.

Upande wa pili nao una mwongozo wake. Mwaka wa 1962, Daniel Patrick Moynihan, wakati huo afisa katika serikali ya Rais John F. Kennedy na baadaye seneta wa New York, aliandika kanuni za majengo ya serikali kuu. Alisisitiza kwamba pasiwe na mtindo rasmi wa taifa, na kwamba ubunifu utoke kwa wasanifu kwenda kwa serikali, si kinyume chake. Chama cha wasanifu majengo cha nchi hiyo kimeshikilia msimamo huo tangu rasimu ya agizo la kwanza ilipovuja Februari 2020. Wanachama wake hawasemi kwamba nguzo ni mbaya. Wanachokataa ni Rais kuwa ndiye anayechagua.

Agizo la 2025 linagusa hasa mahakama, makao makuu ya idara, majengo ya umma ya serikali kuu katika eneo la Washington na mengine yatakayozidi gharama ya dola milioni 50. Katika jiji kuu, mtindo wa kale ndio unaotakiwa kwanza. Idara inayotaka kutumia mtindo wa zege tupu au ule wa kuvunjavunja maumbo sharti Rais ajulishwe siku 30 kabla na apewe sababu. Si marufuku kamili, ila afisa wa serikali anayejali kazi yake hahitaji kuambiwa mara mbili.

Kuna lawama nzito zaidi, ile ya historia. Wakosoaji husema nguzo hizo nyeupe zinakumbusha majumba ya wenye mashamba wa kusini, na kwamba watumwa walishiriki kujenga Ikulu ya White House na jengo la Bunge. Ni kweli walishiriki. Lakini mbele ya nguzo za mnara wa Abraham Lincoln, uliokamilika mwaka wa 1922, ndipo mwanamuziki Marian Anderson alipoimba mwaka wa 1939 baada ya kunyimwa ukumbi kwa sababu ya rangi yake, na ndipo Martin Luther King alipohutubia mamia ya maelfu ya watu Agosti 28, 1963. Waliodhulumiwa waliyachukua mawe hayo wakayapa maana nyingine. Mtindo wa jengo hauna itikadi ya kudumu. Una historia ya waliolitumia.

Wakazi wa Nairobi wanalijua hilo bila kufunzwa. Jengo la Mahakama ya Juu, lenye nguzo zake, lilibuniwa na Herbert Baker katika miaka ya 1930 ili kuonyesha ukuu wa dola ya Mwingereza. Hatua chache kutoka hapo lipo jumba la KICC, kazi ya Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso, lililofunguliwa mwaka wa 1973 kwa lugha ya usasa na fahari ya uhuru. Hakuna Mkenya anayetaka la kwanza libomolewe kwa sababu ya aliyelijenga, na hakuna aliyehitaji agizo la Rais ili alipende la pili.

Ladha pia hubadilika, jambo ambalo viongozi wa kampeni hizi hawapendi kulitaja. Ukuta mweusi wa kumbukumbu ya wanajeshi waliofia Vietnam, uliobuniwa na Maya Lin akiwa mwanafunzi wa miaka 21, ulipingwa vikali kabla ya kuzinduliwa mwaka wa 1982. Ililazimu sanamu ya askari watatu iongezwe karibu nao ili kuwatuliza waliokasirika. Leo wanaofika mbele ya ukuta huo huyagusa majina kwa vidole na kulia.

Mtihani mgumu kwa watetezi wa majengo ya kale umetoka kwa rafiki yao mwenyewe. Oktoba 2025, matingatinga yalibomoa ubawa wa mashariki wa White House, uliojengwa mwaka wa 1902 na kupanuliwa mwaka wa 1942, ili kupisha ukumbi mkubwa wa dhifa. Gharama iliyotajwa ilipanda kutoka dola milioni 200 hadi 300, kisha 400. Mchoraji wa kwanza alikuwa James McCrery, bingwa wa mtindo wa kale aliyewahi pia kuketi katika Commission of Fine Arts, kabla ya nafasi yake kuchukuliwa na Shalom Baranes mwezi Desemba. Mwezi huo huo, shirika jingine la kuhifadhi turathi, National Trust for Historic Preservation, lilienda mahakamani.

Mashirika mawili yasiyo ya kibiashara, yote yanayodai kupenda majengo ya zamani, yamejikuta katika njia tofauti. Moja hutetea mtindo. Lingine hutetea jengo lenyewe na utaratibu wa kuligusa. Kwa miaka mingi tofauti hiyo haikuonekana. Ilihitaji tingatinga ili ionekane.

Sheria ya kodi ya Marekani inaruhusu mashirika kama haya kushauri na hata kushawishi wabunge kwa kiasi, lakini inayakataza kumpigia debe mgombea. Kiongozi wake hutembea juu ya uzi. Akiwa mbali na Ikulu, hakuna anayemsikia. Akiwa karibu mno, ushindi wake huwa na umri wa muhula mmoja wa urais. Maswali yale makali ya mwaka wa 2012, kuhusu nani amechagua msanifu na kwa gharama gani, yanafaa kuulizwa vilevile kuhusu ukumbi wa dhifa. Nguvu ya shirika wakati ule ilikuwa kwamba halikuwa na deni kwa aliyeulizwa.

Agizo la 2020 lilikufa kabla jiwe lolote kuwekwa kwa ajili yake. Mahakama moja ya serikali kuu huchukua miaka kadhaa kutoka michoro hadi ufunguzi, na agizo la 2025 linaweza kufutwa kwa kalamu ile ile iliyoliandika. Wakati huohuo, pazia la chuma la Gehry linaning'inia karibu na jengo la Bunge, na watalii hupiga picha mbele ya sanamu za Eisenhower. Michoro ya shindano la 2011 imebaki katika karatasi.