MAJARIBIO YA BURE: BURE KWA NANI?



Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu, kijana mmoja wa kidato cha nne ameniuliza: "Sheikh, kuna mchezo wa mtandaoni, Final Fantasy XIV, unacheza na watu wa dunia nzima. Wanakuachia ujaribu bure, hawachukui hata shilingi. Nikijaribu nina hasara gani?"

Kwanza niseme na wale wanaopiga muhuri wa haramu kila chenye skrini. Taratibu, masheikh wangu. Asili ya mambo ni ruhusa mpaka ije dalili, na Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na mama yetu Aisha (r.a.). Kijana ukimkemea bila hoja leo, kesho hakuulizi tena. Ataiuliza simu yake.

Ugomvi wangu ni na hilo neno "bure".

Tuwe waadilifu. Square Enix, kampuni ya Japani yenye mchezo huu, imekunjua mkono. Tangu Oktoba 2023 majaribio yake yanafika daraja la 70, na hayana kikomo cha siku. World of Warcraft wao wanakusimamisha daraja la 20. Watu wanauita huo ukarimu. Mimi naona hapo ndipo pa kuogopea! Jaribio la siku 14 lina kengele: siku zikiisha unalazimika kujiuliza, nina haja nacho kweli? Hili halina kengele. Mtu anaweza kuzamisha mamia ya saa humo, hajatoa senti, na bado anasema "najaribu tu". Unajaribu nini mwaka mzima, ewe mja wa Allah?

Wanafunzi wa fiqhi wanaijua khiyari ya sharti. Mnunuzi anachukua bidhaa, anaiangalia, isipomfaa anairudisha. Na katika madhehebu yetu ya Shafii muda wake hauzidi siku tatu. Tazameni hekima hiyo: muda unajulikana, na mlango uko wazi pande zote mbili. Sasa pima jaribio hili. Muda haujulikani. Na siku ukilipia akaunti yako, huirudishi tena kwenye majaribio. Ukiacha kulipa kila mwezi unabaki nje, na mhusika wako uliyemlea anabaki ndani. Kampuni imeyasema haya waziwazi, kwa hiyo siiti ghishi. Lakini bidhaa uliyoitoa wewe ni saa za umri wako, na hizo hazirudishwi hata na khiyari.

Tena anayejaribu hafunguliwi soko la wachezaji, wala hajiungi na kikundi cha kudumu. Yaani kile hasa kinachowafunga watu miaka, urafiki na miadi ya kila usiku, hukijaribu. Unaonjeshwa mchuzi, bei ni ya pilau.

Tuje kwenye sala, maana hapa ndipo penye mzigo. Mchezo wa peke yako unausimamisha, unakwenda kuswali, unarudi. Huu hausimami. Umepangwa na wenzako watatu au saba usiowajua, zimwi liko mbele yenu, muadhini analingania Maghrib. Ukijitoa katikati, unafungiwa dakika 30 usiingie pambano jingine. Adhabu ya kuitikia adhana! Na usiniambie utajumuisha sala. Kujumuisha kuna sababu zake, na zimwi la kwenye skrini halimo.

Ukishakuwa na kikundi ndiyo balaa zaidi. Wenzako wengi wako Ulaya. Majira yao ya baridi, saa 2 usiku ya Ujerumani ni saa 4 usiku ya Dar es Salaam. Mkipigana saa tatu, unalala saa 7 usiku, na adhana ya alfajiri ni saa 11 hivi. Wenyewe mnajua anayeshinda hapo.

Na bando? Mchezo unakula makumi ya GB kupakua tu. Nani analipa? Mara nyingi ni mama, anayedhani mtoto anasoma.

Sasa wewe mwanangu uliyeuliza. Mtihani wako ni Novemba. Jibu langu ni hapana, mpaka utoke chumba cha mtihani. Sikusema haramu. Baada ya hapo, ukitaka, jiwekee siku saba za kuhesabu, uziandike ukutani, na usiingie pambano la watu ikiwa imebaki chini ya saa moja kabla ya adhana. Ukiikosa jamaa moja ya Maghrib ndani ya wiki hiyo kwa sababu ya mchezo, umeshajua unachotaka kujua. Ufute.

Na ndugu yangu mwenye mke, usiniulize mimi. Muulize yeye, ndiye anayeangalia mgongo wako kila usiku.

Swali la visanduku vya bahati vinavyouzwa kwenye michezo mingine nimeliona. Hilo linaingia mlango wa kamari, lina darsa lake. Inshaallah Ijumaa.

Wallahu a'lam.