Tusiwatishe watoto kwa upofu, tuwapeleke wakapimwe macho

Shard End ni mtaa wa nyumba za baraza la jiji uliojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili, mashariki kabisa mwa Birmingham. Ndugu zetu kutoka Afrika Mashariki wanaoishi huko wanaufahamu vizuri ugomvi wa kila jioni. Kijana yuko kwenye gemu tangu atoke shule, mama anajiandaa kwenda zamu ya usiku, na baba anarudia onyo lile lile: zima hiyo mashine, utakuwa kipofu.

Onyo hilo tunaomba liachwe. Halina ukweli, na kijana akishagundua kwamba halina ukweli hatasikiliza hata lile lenye ukweli. Skrini haipofushi. Mtu akikazia macho mchezo hupepesa mara chache kuliko kawaida, machozi yanakauka, macho yanawasha, kichwa kinagonga na mwanga unakuwa na ukungu. Hita za hapa wakati wa baridi zinaongeza ukavu huo. Haya ni maudhi, lakini huondoka mtu akipumzika.

Lisiloondoka ni jingine. Jicho la mtoto linaendelea kukua, na likirefuka kupita kiasi anaona vizuri cha karibu huku cha mbali kikiwa ukungu. Miwani inamwezesha kuona, lakini jicho halifupiki tena, na hali hiyo ikiwa kali huongeza hatari ya maradhi ya retina ukubwani. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2016 yanasema ifikapo 2050 karibu nusu ya watu duniani watakuwa nayo. Sababu ni za kurithi, lakini pia ni saa nyingi za kutazama vitu vya karibu na saa chache za kukaa nje.

Hapo ndipo wazazi tunapojikwaa. Kijana anayecheza kwenye TV kubwa sebuleni, mita 2 kutoka kwenye skrini, macho yake yana nafuu kuliko yule anayecheza kwenye simu chini ya blanketi, sentimita 20 kutoka puani. Sasa sisi tukichoshwa na kelele za mpira tunamfukuza sebuleni aende chumbani, na chumbani anakwenda na simu! Ni afadhali abaki pale tunapomwona.

Kuna kanuni wanayoipenda wapima macho, aliyoibuni Jeffrey Anshel wa California miaka ya 1990: kila dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa futi 20, yaani kama mita 6, kwa sekunde 20. Ni nzuri, lakini nani atainua macho mpira ukiwa kwenye boksi? Mechi za mtandaoni za ule mchezo uliojulikana kama FIFA, na tangu 2023 unaitwa EA Sports FC, mara nyingi huwa na dakika 6 kila kipindi. Basi makubaliano yawe hivi: kila mechi ikiisha, simama, nenda dirishani, tazama paa za ng'ambo ya barabara, ndipo urudi. Sheria inayofuata ratiba ya mchezo kijana ataitii. (Na sisi wenye miaka arobaini na ushei tunaocheza watoto wakishalala, inatuhusu vile vile.)

Serikali ya China ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2021 iliwawekea walio chini ya miaka 18 saa moja tu ya gemu za mtandaoni siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Sisi hatuoni kuwa nyumba inaweza kuendeshwa hivyo, tena katika jiji lililoandaa mashindano ya gemu ya Jumuiya ya Madola Agosti 2022. Tunavutiwa zaidi na Taiwan, ambako tangu 2010 shule zimehimizwa kuwatoa watoto nje dakika 120 kwa siku, na idadi ya wenye uoni hafifu, iliyokuwa ikipanda kwa miaka mingi, ikaanza kushuka. Mwanga wa nje, hata siku ya mawingu ya Birmingham, unazidi ule wa sebuleni mara nyingi sana. Mto Cole unapita hapo hapo Shard End, ndani ya hifadhi ya Kingfisher. Kuingia ni bure.

Kupimwa nako ni bure, na hili ndilo linalotusikitisha zaidi. Hapa England mtoto hupimwa macho shuleni akiwa na miaka 4 au 5. Baada ya hapo hakuna anayemwita tena. Ni juu ya mzazi. Walio chini ya miaka 16, na wa miaka 16 hadi 18 wanaosoma kutwa, NHS inawalipia kipimo katika duka la miwani na kuwapa vocha ya kusaidia kununua miwani. Mkimbizi mwenye cheti cha HC2 anapimwa bure hata akiwa mtu mzima. Lakini bado tunasikia kwamba miwani inalegeza macho, au binti akivaa hataolewa. Matokeo yake mtoto asiyeona ubao anaitwa mvivu, na gemu ndiyo inayolaumiwa.

Pesa zisipotelee kwenye miwani ya "mwanga wa buluu". Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2023, yaliyokusanya majaribio 17, hayakuona kwamba inapunguza uchovu wa macho kuliko miwani ya kawaida.

Nyumbani mambo ni kinyume. Mtoto anayelipia mechi kwenye kibanda cha PlayStation Dar es Salaam au Mombasa angalau anakwenda na kurudi juani, ila kipimo hakipatikani kila kona na kina gharama. Kwa hiyo anayefunga mashine kwenye boksi la kumpelekea mpwa wake aweke na nauli na pesa za kipimo: CCBRT kwa walio Dar, hospitali ya Kikuyu kwa walio karibu na Nairobi.