Mtu wa Makamo Naye ni Mwanafunzi

Ndugu walimu, mwaka 2019 Serikali ya Uganda ilipitisha Sera ya Taifa ya Walimu, inayotaka kila mwalimu awe na shahada. Sisi wenye stashahada hatuipingi. Tunachokipinga ni kauli ya wale watuambiao kwamba mtu wa makamo hafai kuketi chuoni kutwa pamoja na vijana, bali asome wakati wa likizo tu.

Wasemao hivyo hutukumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Methali hiyo yahusu malezi ya watoto, wala haihusu maarifa. Chuo Kikuu cha Makerere chenyewe kina mtihani maalumu wa kuwapokea watu wazima, kuanzia miaka 25.

Wengine hudai kwamba kumsomesha mzee ni kutupa fedha. Haya, na tuhesabu. Mtumishi wa umma hustaafu akiwa na miaka 60. Mwalimu wa miaka 45 akisoma kwa miaka mitatu, atarudi darasani akiwa na miaka 12 ya kufundisha. Je, hiyo ni hasara?

Likizo nazo ni wiki chache, na humo mna mitihani ya kusahihisha, mashamba ya kulima na karo ya watoto wetu ya kutafuta.

Apendaye masomo ya likizo na ayafuate. Lakini atakaye kusoma kwa muda wote apewe ruhusa yenye mshahara, na nafasi yake ilindwe. Adaiye shahada hana budi kutoa muda wa kuipata.